Mashine ya Mjomba: Uchambuzi wa Mchango Uliomponyoka Mwenyewe

Kisa hiki ni cha Pemba, upande wa mashariki unaopigwa na kusi, upepo wa kusini. Waliohusika wamekubali kiandikwe kwa sharti kwamba majina na shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar) visitajwe, nami nimebadilisha alama ndogo mbili tatu ili wasitambulike. Nimekichagua kwa sababu mwanzoni mwake hakuna tapeli. Visa vya kuomba pesa mtandaoni vinavyozungumzwa sana ni vile vya uongo mtupu. Hapa aliyeombewa alikuwa na haja ya kweli, aliyeomba alikuwa na nia safi, waliotoa walitoa kwa moyo, na bado mambo yaliharibika mpaka sheha, kiongozi wa shehia, akaingia kati. Palipoharibikia ni mahali pamoja tu: mchango ulifunguliwa, haukufungwa.

Hali ilivyokuwa

Mzee wa miaka sitini na kitu, mvuvi tangu ujana wake, alikuwa na boti ya mbao yenye mashine ya farasi 15. Mwezi wa Juni, kusi ikiwa imekaza, boti ilikata kamba usiku ikatupwa mwambani. Kulipokucha ubavu mmoja ulikuwa wazi na mashine haionekani. Vijana walipiga mbizi maji yalipokupwa, wakaambulia tangi la mafuta. Boti hiyo ilikuwa ikilisha nyumba yake na nyumba za mabaharia wanne. Na mashine yenyewe ilikuwa haijamalizwa kulipwa. Tajiri anayenunua samaki wake ndiye aliyemkopesha, na deni lililobaki lilikuwa shilingi 2,400,000.

Mzee hakwenda kwa mtu. Siku chache alikaa ndani, kisha akaanza kutoka na boti za wenzake kama baharia wa kawaida, kwa mgao wa baharia.

Ana mpwa wake anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Nungwi, Unguja, kijana mwenye wafuasi wengi Instagram kwa sababu ya picha za machweo anazowawekea wageni. Mama yake alimpigia simu Ijumaa usiku akamhadithia. Jumamosi asubuhi kijana alikuwa ameshaandika tangazo, ameweka picha ya mjomba wake ya siku ya Idi, picha ya boti iliyopasuka aliyotumiwa na binamu yake, na namba yake mwenyewe ya simu. Akaliweka Instagram na kulirusha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mahitaji, kwa hesabu ya fundi na wavuvi wenyewe, yalikuwa shilingi 7,500,000: mashine ya mtumba 4,600,000, mbao, misumari, fundi na kukalafati (kuziba nyufa za mbao) 1,100,000, na nyavu 1,800,000. Kufikia Jumanne usiku zilikuwa zimeingia 9,600,000. Zilitoka Unguja, Dar es Salaam, Dubai, Uingereza, na sehemu kubwa Oman, ambako watu wenye asili ya visiwa hivi ni wengi na neno “Pemba” peke yake linatosha kumfungua mtu mkoba.

Tangazo lenyewe

Nalinukuu lote, maana ni fupi:

“Assalamu alaykum ndugu zangu. Mzee wetu huyu wa Pemba amepoteza kila kitu baharini. Watoto wanalala na njaa. Hana wa kumsaidia ila Allah na nyinyi. Chochote ulichonacho tuma kwenye namba hii, hata elfu moja. Sambaza kwa ajili ya Allah, usipite kimya.”

Hakuna tarehe wala kiasi kinachotakiwa, na msomaji hajui zikishatimia atajuaje. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Kwanza tutazame sentensi mbili za katikati.

“Watoto wanalala na njaa” si kweli. Watoto wa mzee ni watu wazima wenye nyumba zao. Kijana alipoulizwa alisema maneno hayo ameyazoea kwenye matangazo ya namna hii, akayaweka bila kufikiri. Namwamini, na hapo ndipo penye tatizo. Anayemwomba jirani hahitaji kupamba, kwa kuwa jirani ameiona boti. Anayemwomba asiyemjua huogopa kwamba ukweli wake hautoshi, na boti iliyovunjika inaonekana ndogo mbele ya matangazo ya wagonjwa na mayatima, basi huongeza chumvi. Hapa chumvi haikuwa na kazi. Wafadhili kadhaa waliomwandikia kijana walikuwa wakiulizia mashine, ya aina gani na ya nguvu kiasi gani, na mmoja alitaka kujua kama mtumba wa Zanzibar unaaminika. Walivutwa na ile picha ya boti. Kuhusu watoto hakuna aliyeuliza.

“Hana wa kumsaidia” ni baya zaidi, kwa sababu liliwatukana watu. Usiku wa pili baada ya ajali majirani walikuwa wameshapeleka unga, mchele na sukari, na wavuvi wenzake walikuwa wameanza kuchangishana fedha ya mbao. Tangazo lilipowafikia wakasoma kwamba hawapo.

Mzee alivyojua

Alijulia dikoni, pale boti zinaposhusha samaki. Mchuuzi kijana kutoka Wete alimfuata mnada ukiendelea, akamwambia kwa furaha, “Mzee, zile elfu tano zangu zilifika?” Mzee akamuuliza elfu tano za nini. Kijana akafungua simu akampa. Mzee aliivuta karibu na macho, akasoma polepole, akamrudishia. Siku hiyo hakusimama mnadani. Alimwachia mwenzake samaki wake akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jioni alimpigia mpwa wake. “Umenitoa uchi, mwanangu. Boti imevunjika yangu, deni nimekopa mimi, na kuomba kama ni kuomba ningeomba mimi.”

Kijana anajitetea hivi: “Ningemuuliza mjomba angekataa.” Nimeyasikia maneno haya kwa watu wengi wanaowaombea wazee wao, na nayaona ni hoja dhidi ya msemaji. Ukijua kwamba mwenye haja angekataa, umeshajua kwamba unachotaka kukifanya kinamgusa mahali pake pa heshima, na hapo ndipo hasa pa kumuuliza. Tena kukataa kwa mzee wa Kipemba si lazima kuwe mwisho wa mazungumzo. Baadaye, alipokaa na watu wake, mzee alisema angekubali boti ionyeshwe. Uso wake ndio asingekubali, tena uso wa Idi, amevaa kanzu na kofia, umewekwa juu ya maneno ya njaa. Kwa simu moja ya Ijumaa usiku hilo lingejulikana.

Namba na jina

Kila anayetuma pesa kwa simu huonyeshwa jina la mwenye namba kabla hajaweka namba ya siri. Watu waliona picha ya mzee na jina la kijana. Wengine walituma hivyo hivyo, wengine wakaacha, na wachache wakaandika chini ya picha kwamba huyu mwizi. Sentensi moja ingewatuliza: namba ni ya mpwa wake, yuko Nungwi, jina litakalotokea ni hili. Haikuwapo.

Kosa la pili ni kwamba namba ile ni ya matumizi yake ya kila siku. Inapokea bakshishi za wageni, pesa za mchezo wa kupeana kwa zamu anaocheza na wafanyakazi wenzake, na nauli anayorudishiwa na huyu na yule. Wiki ya pili hakuweza kusema kwa yakini elfu ishirini fulani ni ya nani. Ilibidi aombe kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala yote na kukaa nayo usiku kucha na kalamu. Laini mpya ya shilingi chache ingemwepusha na hayo. Kulikuwa pia na zile za “na ya kutolea”, ambazo watu wema huongeza juu ili mpokeaji asikatwe. Alizihesabu kama mchango, kisha makato yalipopita hesabu yake na hesabu ya dikoni zikaachana kwa fedha ndogo, na fedha ndogo ndizo zinazozaa maneno.

Mwisho usioonekana

Sasa kiini. Mchango wa kijijini hujifunga wenyewe. Watu wakichangia boti, siku wanapoiona inasukumwa majini wanajua kazi imekwisha, na atakayeendelea kukusanya ataulizwa hapo hapo. Wa msikitini hufungwa kwa sauti: imamu alitangaza Ijumaa iliyopita, Ijumaa hii anashukuru. Aliyeko Muscat hana diko wala Ijumaa ya kijiji kile. Ana tangazo tu, na tangazo lisilo na tarehe kila atakayelifungua ataliona ni la leo.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilinunuliwa wiki iliyofuata, fundi akamaliza, na kabla Julai haijakatika boti ilikuwa inavua. Kijana aliandika Instagram “Alhamdulillah, mashine imepatikana”, akaridhika. Lakini maneno hayo yalikaa kwenye ukurasa wake, na tangazo lilikuwa limeshaondoka, linapita kwenye magrupu asiyoyajua, kwa watu wasiojua hata kama ana ukurasa. Pesa ziliendelea kuingia mpaka zikafika 13,200,000. Katika kipindi hicho alilipa deni la tajiri lote, kimya kimya, kwa kuona kwamba ni jambo hilo hilo.

Wanaotaka kupima jambo hili kwa dini wana kipimo kilicho wazi. Katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyopokewa na Imamu Muslim katika Sahihi yake, Mtume (s.a.w.) anasema kuomba hakuhalali ila kwa mmoja wa watatu: aliyebeba dhamana ya wengine, aliyefikwa na janga likateketeza mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wasimame kumshuhudia. Mzee wetu yumo kwa ile njia ya pili bila shaka. Lakini mara nyingi hadithi hii husomwa ili kujua nani anaruhusiwa kuomba, na mpaka uliowekwa ndani yake hurukwa: mwenye dhamana anaomba mpaka aipate, kisha anajizuia, na mwenye janga anaomba mpaka apate cha kumsimamisha. Ruhusa imekuja na kikomo chake. Na kwa yule wa tatu imekuja na mashahidi wa karibu, watu wanaomjua, si watu wanaomhurumia.

Kuna na jambo la zaka, ambalo wapokeaji wengi hawalitazami. Katika ujumbe ulioambatana na miamala kadhaa, watumaji waliandika “zaka”. Zaka si sadaka ya kawaida. Wanaostahiki kuipokea wametajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, makundi manane, na mwenye deni ni mmojawapo. Kwa hiyo kulipa lile deni kwa zaka kulikuwa na mlango wake, na ndio ubaya wa kulificha: lilikuwa jambo la kusema hadharani bila haya. Lakini mtu ambaye boti yake inavua na deni lake limekwisha, zaka inayomfikia mwezi wa Agosti kwa tangazo la Juni inamfikia kwa sifa ambayo hanayo tena. Hilo halirekebishwi kwa kusema “wametoa wenyewe”.

Namba iliyobadilishwa

Wiki ya tano mama mmoja wa Muscat alimtumia kijana picha ya muamala akamuuliza kwa nini jina lililotokea ni la mwanamke wa Bara. Tangazo lilikuwa lile lile, picha zile zile, namba nyingine. Mtu alikata ya kwanza akabandika yake.

Hapa ndipo wengi huona kisa kinaanza. Mimi naona ni tawi tu. Mwizi alipata tangazo ambalo namba yake haina cha kulinganishwa nacho: halina jina la mpokeaji, tarehe, wala mtu wa kupigiwa akaulizwa. Hakulazimika kughushi chochote zaidi ya tarakimu.

Walifanya yanayopaswa. Waliripoti namba kwa kampuni husika na kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, wakaenda polisi na picha za miamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar kama inavyotumika Bara, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Namba ilifungwa. Mwenyewe kupatikana ni habari nyingine, kwa sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole, lakini laini zilizosajiliwa kwa vidole vya mtu asiyejua zipo tele mitaani. Ndiyo maana ni vizuri kupiga *106# mara moja moja, uone ni namba ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kukuta za wageni.

Dada mmoja anayeishi Uingereza alipendekeza mchango uhamie GoFundMe, tovuti ya kuchangisha fedha. Wazo lina hoja. Mwaka 2017 huko Marekani, watu zaidi ya elfu kumi walichanga dola zaidi ya 400,000 kwa kisa cha mtu asiye na makazi aliyedaiwa kumpa mwanamke aliyeishiwa mafuta barabarani dola zake 20 za mwisho. Mwaka uliofuata ikajulikana kisa kimetungwa na waliohusika wakashitakiwa, na GoFundMe ikawarudishia wachangiaji fedha zao. Kulikuwa na wa katikati wa kumdai. Kwetu pesa zinatoka simu hadi simu, hakuna wa katikati. Lakini GoFundMe hailipi moja kwa moja Tanzania. Fedha zingeingia akaunti ya dada huyo, naye azitume. Yaani mtu mmoja wa kuaminiwa angeongezeka juu ya yule wa kwanza. Wa katikati wa kweli ilibidi atafutwe Pemba.

Walivyoufunga

Walikaa barazani kwa sheha: sheha mwenyewe, bwana diko (msimamizi wa diko), imamu wa msikiti, mzee, na mpwa wake aliyekuja kwa boti kutoka Unguja. Watu watatu wenye akili katika jamaa zake, ukitaka kuiona hivyo, ingawa hakuna aliyepanga iwe hadithi. Karatasi ikaandikwa: zilizoingia, mashine, fundi, nyavu. Ilipofika zamu ya deni kijana alitaka liingie kwenye “mengineyo”. Mzee akakataa. “Andika deni, na andika la nani.” Tangazo jipya likatoka hivi:

“MCHANGO HUU UMEFUNGWA. Tafadhali usitume tena. Boti iliyovunjika Juni imeshatengenezwa na inavua. Zimepokewa shilingi 13,200,000. Zimetumika 7,500,000 kwa mashine, matengenezo na nyavu, na 2,400,000 kulipa deni la mashine iliyopotea, ambalo hatukulitaja mwanzo. Zimebaki 3,300,000. Aliyetuma akitaka kurudishiwa apige kwa sheha au kwa bwana diko kabla ya mwisho wa mwezi. Namba yoyote nyingine inayoomba kwa picha hii ni ya wizi.”

Chini yake majina matatu, namba mbili za simu na tarehe. Picha ni ya boti, nzima, majini. Uso wa mzee haupo. Sheha alitaka apige muhuri, bwana diko akasema muhuri unachongwa popote siku hizi, namba ya simu inayojibiwa ndiyo muhuri. Alikuwa na haki, na malipo yake yalikuwa kupigiwa na watu wa Ghuba saa za watu kulala.

Liliwafikia wote? La. Tangazo la kufunga haliendi kama la kuomba, kwa kuwa halina cha kumtoa mtu machozi. Lakini sasa mtu akilitilia shaka la zamani akauliza kwenye grupu, yuko wa kumjibu kwa karatasi.

Waliodai kurudishiwa walikuwa wachache, wote kwa adabu. Zilizobaki zilizua mabishano. Mabaharia wanne walisema wao ndio waliokaa bila kazi, na kama ni njaa iliyoandikwa ilikuwa karibu zaidi na nyumba zao. Nadhani walikuwa na haki kuliko walivyosikilizwa: tangazo lilimwona mzee mmoja, boti ilikuwa ya watu watano. Mwishowe mabaharia walipewa fungu la siku walizokaa, na fedha zilizoandikwa “zaka” zikatengwa kwanza, imamu akazipeleka kwa wenye sifa. Zilizosalia zikamwendea mvuvi mwingine wa diko hilo hilo aliyepotelewa na nyavu. Mzee alikataa kushiriki kuchagua.

Limebaki fungu moja, shilingi 260,000, zilizowekwa kupitia mawakala. Anayempa wakala fedha taslimu aziweke moja kwa moja kwenye namba ya mwingine jina lake halitokei, linatokea la wakala. Imamu anasema zitolewe sadaka kwa nia ya wenyewe. Sheha anataka zikae miezi mitatu kwanza kwenye laini mpya ya mchango, ambayo kadi yake anayo bwana diko na namba ya siri anayo imamu. Mimi niko upande wa sheha. Wenye fedha hizi hawajapata bado nafasi ya kusikia kwamba boti inavua, na huenda wamo kati ya wale ambao tangazo la kufunga litawafikia kwa kuchelewa, kama lile la kwanza lilivyowafikia wengine.